Farasi wa Arobaini

Ijumaa, 2 Rajabu. Fustat.

Leo Amiri Shaddad bin Ghaylan amepanda mimbari na kutangaza majira ya majani. Kuanzia kesho jeshi zima litatoka mjini, kila kikosi na kijiji chake, kwenda kunenepesha farasi kwa bersimu, yale majani mabichi ya malisho, hadi karibu na Ramadhani. Hutangaza hivyo kila mwaka, na kila mwaka watu wazima wenye ndevu hutoka msikitini wakisukumana kama watoto waliouona mwezi wa Idi.

Mwaka huu ameongeza neno. Kikosi ambacho siku ya ukaguzi hakitatimiza farasi arobaini wazima, wenye chapa yake na waliopandwa na wenyewe, bendera yake itakunjwa na watu wake watagawanywa katika vikosi vikubwa. Vita vya magharibi, alisema, havingoji watu wanaobishana nani atangulie.

Sisi Bani Jusaym tuna farasi arobaini na mmoja.

Hakuna aliyenitazama, nami sikumtazama mtu. Mimi ni mkaguzi wa farasi, nimewekwa na Amiri juu ya kikosi cha ukoo wangu mwenyewe. Siku ya ukaguzi husimama kando yake na kusema kwa kiapo ni farasi wangapi na wana hali gani. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, na sijawahi kuongeza wala kupunguza. Bendera yenyewe marehemu baba yangu ndiye aliyeishika siku tulipoingia Misri.

Jumamosi, 3 Rajabu.

Tumetoka alfajiri. Mkuu wetu mpya ni Ruwaym bin Harmala, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekulia Dameski. Anacheka mno. Anawasalimu wakulima wa Kikibti, wenyeji wa nchi hii, kabla wao hawajamsalimu, kisha anashuka kwenye farasi kuuliza mambo ya mifereji. Marehemu baba yake alikuwa mkuu wetu kwa miaka tisa, na sikumbuki kuyaona meno yake.

Langoni tulikutana na Iyas bin Zafir, mkaguzi wa Bani Ghutayf. Wao wana farasi mia tatu, na bendera yetu ikikunjwa tutapelekwa kwao. Alinisalimu kwa adabu, kisha akaniambia tusiwe na wasiwasi wowote, kwani ameshatutengea mahali pazuri pa kupiga mahema, nyuma ya punda wao.

Nilikuwa nikitafuta jibu mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 5 Rajabu. Kijiji cha Tinsaw.

Tumefika. Miaka yote tulikuwa tukipangiwa vijiji vya ukingoni mwa jangwa, ambako majani ni haba na makavu. Mwaka huu Amiri amebadili mpango, na tumepewa bonde lenyewe. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Bersimu inafika magotini, imeshikana kama zulia, na harufu yake inawatia farasi wazimu. Watu walisimama kwenye tuta wakashangilia. Hata mimi nilijikuta nikitabasamu, nikageuka upande.

Shamba kubwa ni la mjane mmoja wa Kikibti anayeitwa Tekla, mwanamke wa rika langu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya mto. Alimwambia Ruwaym kwamba bersimu hii haiachiwi mnyama hivihivi. Ikatwe, inyaushwe juani siku nzima, ichanganywe na makapi ya ngano, ndipo wapewe, tena kidogokidogo.

Nilimwambia Ruwaym mbele ya wote kwamba Bani Jusaym hawajaanza kufundishwa farasi na wanawake wa jikoni. Sisi tuna utaratibu wetu wa kufungua tumbo, tuliotoka nao kwetu: farasi hufungwa mchana na usiku bila kula, kisha huachiwa majanini alfajiri, umande ukiwapo, wale kwa tamaa. Ndivyo alivyofanya babu yangu, na farasi wake waliimbwa.

Ruwaym aliuliza, "Ami, una hakika?"

Nikasema nina hakika.

Akauliza tena, kwa sauti ya chini, akinitazama usoni. Nikamjibu kwamba mtu mzima haulizwi mara mbili.

"Basi neno ni lako, ami," akasema, akainamisha kichwa.

Jumanne, 6 Rajabu.

Farasi wamefungwa. Wanapiga kwato na kulia. Hakuna anayeweza kuzungumza bila kupaza sauti, na kila mtu ana furaha.

Jumatano, 7 Rajabu.

Naandika usiku.

Tuliwaachia baada ya sala ya alfajiri. Waliingia shambani kwa kishindo, arobaini na mmoja wa kikosi na farasi wangu jike nyuma yao, na umande ukaruka kama maji ya mto. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Dhuayb bin Jabr, ambaye hakuna jambo asilolifanyia mzaha, alisema akifa anataka arudi duniani akiwa farasi wa Bani Jusaym, mwezi wa Rajabu.

Jua lilikuwa halijapanda urefu wa mkuki pale farasi wake mwekundu alipoacha kula. Alijitazama ubavuni. Akakwaruza ardhi, akalala, akaamka, akalala tena. Nilipomfikia, tumbo lake lilikuwa gumu kama ngoma. Kabla sijasema kitu nikasikia mtu akiita kutoka upande wa mfereji, kisha mwingine, kisha nikaona wanne wako chini kwa pamoja, miguu hewani.

Nilisimama. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwetu majani ni makavu, na mnyama akila kwa tamaa hushiba tu. Jambo hili lilikuwa geni kwangu, nami nilisimama katikati ya shamba kama kigingi, watu wakiniita, "Ami, tufanye nini? Ami?"

Aliyepiga mbio ni Ruwaym. Alimpita kila mtu, hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja kwa Tekla, ambaye tayari alikuwa anashuka tuta na mtungi begani. Nilimsikia mwanamke huyo akimwambia maneno mafupi kama mtu anayemtuma mwanawe: watoe wote majanini, hata wazima; usiruhusu hata mmoja alale akajiviringisha, utumbo utasokotana; watembeze, watembeze, wala msisimame.

Ruwaym alitoa amri kwa sauti niliyodhani hana. Kila mtu na farasi wake, kwa mwendo wa taratibu, kuzunguka uwanja wa kupuria ngano. Wakibti walitoka majumbani mwao bila kuitwa. Wawili wakamsukuma farasi, mmoja akavuta. Tekla alikuwa na mafuta ya mbegu za figili, akawa anayamimina kooni mwa kila mgonjwa kwa pembe ya ng'ombe, akimkamata ulimi kwa mkono wake mwenyewe. Wengine walisugua matumbo kwa mafungu ya majani makavu mpaka jasho likawatoka watu na wanyama pamoja.

Nilichukua farasi wa kwanza niliyemkuta. Tulizunguka uwanja ule kuanzia asubuhi hadi alasiri. Sijui mara ngapi. Adhuhuri tuliswali kwa zamu, nusu wakiswali, nusu wakitembea. Kila mara farasi mmoja alipotoa upepo, uwanja mzima ulipiga kelele za furaha, na wanawake wa Kikibti wakapiga vigelegele kama arusini. Nimeishi miaka sitini na miwili na sikutegemea kushangilia jambo la namna hiyo.

Watu walihesabu kwa sauti. Mmoja amepona. Wanne wamepona. Tisa. Kila aliyesimama vizuri alipelekwa kivulini. Kabla ya magharibi walikuwa wamebaki wawili, mwekundu wa Dhuayb na mweusi wa Sufyan, na hao hawakuinuka. Dhuayb alikaa chini, kichwa cha farasi kikiwa mapajani mwake, akimpangusa vumbi machoni.

Tulipokusanyika, mtu mmoja aliuliza ni nani aliyeamuru farasi wafungwe na njaa. Walijua wote. Aliuliza kwa hasira tu.

Ruwaym akasema, "Amri ilikuwa yangu. Mimi ndiye mkuu hapa. Mwenye neno aje kwangu."

Thelathini na tisa.

Alhamisi, 8 Rajabu.

Baada ya sala ya alfajiri nilisimama kabla watu hawajatawanyika, nikasema amri haikuwa ya Ruwaym. Ilikuwa yangu, aliniuliza mara mbili nami nikamnyamazisha. Nikasema pia kwamba mjane yule alinena kweli. Kisha nikaketi.

Waliinuka mmoja mmoja wakaenda kwa farasi wao. Heri wangenitukana.

Jumatatu, 12 Rajabu.

Bersimu inakatwa, inanyaushwa juani siku nzima, inachanganywa na makapi. Farasi wanakula kidogokidogo. Tekla anapita na fimbo kukagua, na watu wa Bani Jusaym, ambao baba zao walimwogopa Mungu na kiu tu, wanasimama wima anapopita.

Thelathini na tisa, wote wazima.

Ijumaa, 16 Rajabu.

Watu wanapanga mambo. Jana nilisikia wawili wakisema yuko mfanyabiashara Bilbeis mwenye farasi mzuri. Hiyo haifai kitu. Amiri hahesabu ila mwenye chapa ya kikosi, na chapa hupigwa siku ya ukaguzi tu, hesabu ikishakwisha. Leo wengine walikuwa wakisema tuazime kwa Bani Ghutayf. Hiyo nayo haifai. Miaka sita iliyopita kikosi kimoja kilimzungusha farasi mmoja mbele ya Amiri mara tatu na wapandaji watatu, na tangu hapo kila farasi anatajwa kwa jina pamoja na mwenyewe.

Imebaki njia moja, nayo kila mtu anaijua. Siku ile Amiri ataniuliza mimi wangapi. Nikisema arobaini, hakuna atakayehesabu tena. Hajawahi kuhesabu nyuma yangu.

Najua Ruwaym atakuja kuniomba. Nimeshaandaa jibu. Ni jibu kali na limepangika vizuri.

Jumatatu, 19 Rajabu.

Ruwaym amekuja.

Alikaa mkekani, akakataa maziwa, akavunjavunja kijiti vidoleni. Nilikaa wima nikamngojea. Mwishowe akasema:

"Ami, watu watakusumbua sana siku hizi. Nimekuja kukwambia usiwasikilize. Siku ile utasema thelathini na tisa. Nisingependa uyumbe kwa ajili yetu, halafu uishi na jambo hilo."

Nikamwuliza na bendera itakuwaje.

"Itakunjwa," akasema. "Tutaikunja wenyewe, vizuri, si mtu mwingine."

Akaaga akaenda. Jibu langu kali nimebaki nalo mwenyewe. Nilimwona huyu mtoto kuwa mwepesi kwa sababu anacheka. Nimekosea hapo pia.

Jumanne, 20 Rajabu.

Sikutulia. Nimetembea mpaka mwisho wa mfereji na kurudi, mara nne, nikizungumza peke yangu kama kichaa wa sokoni, kwa sababu nimeiona njia nyingine.

Farasi wangu jike ana chapa ya Bani Jusaym. Alipigwa chapa hiyo akiwa na miaka miwili, nami nilikuwa bado askari wa bendera. Hahesabiwi kwa sababu mimi sihesabiwi. Mkaguzi anayetoa ushahidi hawezi kuwa miongoni mwa wanaoshuhudiwa. Lakini mtu akiacha ukaguzi anarudi alikotoka. Nikirudi kwenye bendera nikampanda mwenyewe, tutakuwa arobaini, tena bila uongo hata wa punje.

Ana miaka kumi na mitatu. Jina lake Wasna, maana yake mwenye usingizi. Nilimpa mimi, na halikuwa jina la mzaha.

Nimemwandikia Amiri kumwomba aniachilie kazi. Dhuayb ameondoka na barua juu ya punda. Nilipomweleza kilichomo alinikodolea macho, akaniuliza kama nimekula bersimu mbichi.

Ijumaa, 23 Rajabu.

Hakuna jibu.

Jumapili, 25 Rajabu.

Hakuna jibu. Upepo wa moto umeanza kuvuma kutoka jangwani. Mchanga umo machoni, katika mkate, hata katika wino huu. Bersimu inakauka kabla ya kunyaushwa.

Jumanne, 27 Rajabu.

Dhuayb amerudi. Tulimwona kwa mbali kwenye tuta, punda akija shoti, naye akipunga mkono, lakini mtu yule hupunga mkono hata akileta msiba. Kikosi kizima kikamkimbilia.

Amiri ameniachilia. Ameweka mambo mawili. La kwanza, askari mzee hapunguziwi kitu. Mwaka huu farasi watakimbizwa maili mbili hadi kwenye hema lake, ngoma ikipigwa mapigo mia tatu, na atakayevuka kamba baada ya pigo la mwisho hahesabiwi. La pili, katika nafasi yangu ya ukaguzi juu ya Bani Jusaym atakaa Iyas bin Zafir.

Iyas, ambaye atapata watu wetu wote nikichelewa.

Ruwaym akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti, akasema, "Sawa basi, ami. Kesho alfajiri uko kwenye mstari na wenzako. Ukichelewa utafagia zizi." Na nini kilinipata sijui, nami nikacheka.

Jumatano, 28 Rajabu.

Nimefagia zizi.

Ijumaa, 30 Rajabu.

Wasna ana tumbo la kadhi. Aliepuka kuvimbiwa siku ile kwa sababu alichoka kutafuna mapema kuliko wenzake. Sasa namkondesha kwa utaratibu wa mashindano: chakula kinapunguzwa siku baada ya siku, anavishwa mablanketi atoke jasho, kisha mbio fupi, kisha ndefu. Utaratibu huu nao ni wa babu yangu, lakini safari hii nilikwenda kwanza kwa Tekla nikamwuliza unafaa bondeni au haufai.

Alisikiliza, akanitazama kutoka kilembani hadi miguuni. "Kwa farasi unafaa," akasema. "Lakini wewe ndiye unayehitaji kunyaushwa, sheikh, kuliko yeye."

Alisema mbele ya watu. Neno hilo limeshafika mwisho wa kambi na kurudi.

Jumatano, 5 Shaabani.

Nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza hakuna aliyeona.

Ijumaa, 7 Shaabani.

Maili moja kwa mapigo mia na themanini. Dhuayb hupiga ngoma juu ya tuta na Sufyan huhesabu. Ukizidisha mara mbili hatufiki. Bado upepo wa moto unavuma.

Jumanne, 11 Shaabani.

Farasi wa mkuu mwenyewe ameanza kuchechemea mguu wa mbele. Asipopona, tumerudi thelathini na tisa. Ruwaym amekaa mferejini kutwa na mguu wa farasi majini. Nimekaa naye. Aliniuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani vitani, nikamweleza. Akaniuliza je, alikuwa akicheka? Nikasema sikumbuki. Kisha nikakumbuka mara moja, siku tuliyovuka mto na ngamia wake akamtupa majini mbele ya jeshi zima. Alicheka pale, tena sana. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Alhamisi, 13 Shaabani.

Mguu umepona. Ulikuwa mwiba.

Ijumaa, 14 Shaabani.

Maili moja, mapigo mia na sitini.

Jumatatu, 17 Shaabani.

Maili moja, mapigo mia na arobaini na nane. Niliruka kutoka tandikoni kama kijana, nikajuta.

Jumanne, 18 Shaabani.

Tumeondoka Tinsaw. Wanakijiji wamesimama tutani. Tekla alimpa Wasna konzi ya mwisho ya majani makavu, akaniambia nimwache mnyama ashike mwendo wake mwanzoni. "Usimharakishe kwa sababu ya hofu yako," akasema. "Yeye hana bendera. Hofu ni yako."

Nilimwambia nimesikia, mama. Neno hilo lilinitoka lenyewe.

Alhamisi, 20 Shaabani. Fustat.

Nitaandika yote.

Uwanja uko mashariki ya mji, chini ya mlima wa Muqattam. Jeshi lote lilikuwapo, bendera baada ya bendera, na watu wa mji wamepanda hata juu ya kuta za makaburi. Joto lilikuwa kali, lakini upepo ulikuwa umetulia. Vikosi vikubwa vilipita kwanza. Bani Ghutayf walivuka mia mbili na tisini na nane, na Amiri akaridhika.

Kisha tukaitwa sisi.

Iyas alikuja kwenye mstari kututazama mmoja mmoja. Alitazama kila chapa, akainua kila kwato, akataja kila farasi na mwenyewe. Aliponifikia alisimama. Nilifikiri atazungumzia punda zake. Alishika chapa ya Wasna kwa kidole, akaifuata mistari yake, akasema, "Chapa sahihi. Mwenyewe ni yeye." Akapita.

Tulikuwa arobaini. Ruwaym aliketi mbele, bendera mkononi. Ngoma ikaanza.

Wasna hakuondoka vizuri. Ilipofika pigo la kumi nilikuwa wa mwisho, na mbele yangu hakuna kitu ila mikia thelathini na tisa na ukuta wa vumbi. Kila mfupa wangu ulitaka nimpige mjeledi. Nilimwachia. Alikwenda kwa mwendo wake, kama mwanamke anayekwenda kisimani, mapigo hamsini, mapigo themanini, nami nilikuwa nasoma dua na kuhesabu kwa wakati mmoja mpaka vikachanganyika, nikapoteza hesabu.

Kwenye alama ya maili moja alikuwa Dhuayb, ambaye hana farasi, amesimama kwa miguu kando ya njia. Alikimbia sambamba nami akipiga kelele. "Ami! Punda wangu angekuwa ameshafika na kulala! Ami, kule ni kwa Bani Ghutayf, kalale nyuma ya vinyesi!" Aliendelea kunitukana mpaka pumzi ikamwisha, machozi yakimtoka.

Hapo ndipo Wasna alipoamka. Sina neno jingine. Alinyosha shingo, masikio yakalala, na ardhi ikaanza kupita chini yetu kama kitambaa kinachovutwa. Nilimpita mmoja. Hakuna aliyenyauka siku hiyo, Mungu ashukuriwe. Wenzangu wote walikuwa wakienda vizuri, na bado nilikuwa karibu wa mwisho, kisha wa mwisho tena, kwa kuwa vijana walikuwa wamebakiza nguvu.

Kupitia vumbi niliona bendera ikipungua mwendo. Ruwaym alikuwa amegeuza kichwa kunitazama, amevuta hatamu. Mkuu wa kikosi, na mguu wa farasi wake una siku saba tu tangu upone.

Nikapaza sauti ambayo sikuitumia tangu nilipokuwa na ndevu nyeusi. "Mbele, we mwana wa Harmala! Nenda zako!"

Akaenda.

Niliona kamba nyeupe ardhini. Niliona hema. Nilisikia pigo. Sikujua ni la ngapi. Nilijua tu kwamba halikufuatwa na jingine, na kwamba chini yangu kamba ilikuwa imepita, au ilikuwa inapita. Kisha Wasna akasimama, akipumua kama mivukuto ya mhunzi.

Hakuna aliyeshangilia kwa sababu hakuna aliyejua. Wapo waliosema ngoma ilikwisha kwanza, wapo waliosema nilivuka kwanza, na sauti zikaanza kupanda pande zote mbili. Amiri aliinua mkono. Kama angeniuliza mimi, ningesema sijui; na nililifikiria hilo pale juu ya tandiko, kwamba ningeikunja bendera ya baba yangu kwa neno langu mwenyewe.

Hakuniuliza. Mimi si mkaguzi.

"Iyas," akasema, "wangapi?"

Iyas alikuwa amesimama kwenye kamba, vumbi mpaka nyusini. Nyuma yake walikuwapo watu wa ukoo wake mia tatu, wote wakimtazama mgongo. Nimemfahamu mtu huyu miaka ishirini na sikuwahi kumfikiria jema. Alitazama kamba. Alichukua muda wake kama mtu anayechagua tikiti.

"Thelathini na tisa walivuka," akasema. "Halafu mzee huyu akavuka. Halafu ngoma ikapigwa mara moja. Arobaini."

Watu wake walinung'unika. Mmoja akalitaja jina la baba wa Iyas kwa ubaya.

Amiri akauliza, "Kwa kiapo?"

"Kwa kiapo," Iyas akasema, bila kugeuka nyuma.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka nilivutwa kutoka tandikoni na mikono mingi, na kwamba Ruwaym alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, na kwamba bendera ilikuwa juu ya kichwa changu, ikinipiga usoni, nami sikuiondoa. Nilipopata nafasi nilimwendea Iyas. Nilitaka kusema jambo lenye maana. Nikamwambia alisimama mahali pazuri pa kuiona kamba.

"Nilisimama pale ulipokuwa ukisimama wewe," akajibu. "Miaka kumi na mmoja nimekutazama. Sasa niachie kazi, vikosi vyangu viwili bado havijaandikwa."

Ijumaa, 21 Shaabani.

Siwezi kuketi. Haya nayaandika nikiwa nimesimama, papirasi juu ya tandiko.

Ruwaym amepanga zamu za safari ya magharibi, na hakumpunguzia mtu. Yangu ni kuteka maji ya farasi, leo na kesho, pamoja na Sufyan. Nimeshaitwa mara mbili. Nakwenda.